Mziki wa metali wa kuwakejeli wakubwa: utajuaje msanii anakejeli na sio anasifia?

FundiHolo
Habari za jioni wakuu. Mi ni fundi wa kuchomelea, nina kibanda changu huku Chang'ombe Dodoma, natengeneza mageti, grili za madirisha na vitanda vya chuma vya hosteli. Kazini sabufa inalia muda wote na kwa miaka kama minne sasa mziki wangu ni ile metali ya indastrio, kina Rammstein wa Ujerumani na Ministry wa Marekani. Nilipewa kwenye fleshi na jamaa mmoja tuliyekuwa naye kwenye kazi ya kupaua Ihumwa, siku ya kwanza nilivyousikia nilisimama na grainda mkononi maana ule mlio nilikuwa naujua, ni mlio wa kibandani kwangu kabisa, chuma kinagonga chuma kwa kipimo kilekile bila kuchoka, ila wenzetu wameupanga ukawa wimbo.

Sasa wiki iliyopita baba mdogo alinipitia. Ni mtu aliyesoma, kafundisha historia sekondari mpaka kastaafu. Akakaa kwenye benchi anasubiri nimalize geti la mteja, mi nimefungulia Rammstein, ule wa Links 2 3 4 ambao unaanza na miguu ya watu wanapiga kwata. Akaniambia zima. Nikazima. Akasema hiyo ni kwata ya Mjerumani, ndio hao hao waliowalaza babu zetu chini wakawachapa hamsa ishirini, halafu wewe mjukuu wao unakaa unatingisha kichwa. Nilitaka kumjibu kwamba baba hawa jamaa wanakejeli, hawasifii, lakini akaniuliza umejuaje na Kijerumani hujui, nikakosa la kusema. Nilikuwa nimesoma tu mahali.

Kwa hiyo maswali yangu ni haya. Msanii akivaa gwanda la mbabe, akaongea kwa sauti ya mbabe, akapiga na mdundo wa mbabe, msikilizaji atajuaje kwamba anamkejeli? Na pili, mi mwenyewe nataka kutunga kwa Kiswahili kwa mlio huo huo, kuna jambo limetupata nyumbani nataka kulisema kwa njia hiyo, naogopa nisije nikaonekana namsifia yule ninayemsema. Naombeni mnisaidie, nimelala nalo siku sita hili.

Mwalimu_Bahi
Mkuu hapo kwenye Kijerumani naweza kukusaidia maana nilikisoma miaka mitatu nikiwa chuo.

Links maana yake ni kushoto. Kwa hiyo kichwa cha wimbo ni amri ya kwata, kushoto, mbili, tatu, nne. Baba mdogo hajakosea masikio yake, ile ni kwata kweli. Ila kuna kisa nyuma yake. Mwaka 1998 walitoa video wakatumia vipande vya filamu ya Leni Riefenstahl, yule mama aliyekuwa anawatengenezea Manazi filamu, vipande vya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Ujerumani watu wakaja juu, wakasema hawa ni wafuasi wa Hitler. Sasa Links 2 3 4 ya mwaka 2001 ndio jibu lao. Ndani yake wanasema moyo wangu unapiga kushoto, na kwenye siasa za kule mtu wa kushoto ndio adui wa fashisti. Yaani wamechukua buti za adui, mguu ule ule, wakaweka ndani yake moyo unaopinga. Ukisikia buti bila kusikia neno kushoto utaondoka na kitu kingine kabisa, na ndicho kilichompata mzee.

Na ujue hawa walikulia Ujerumani Mashariki, ile iliyokuwa ya kijamaa, ambako bendi ilikuwa haipigi hadharani mpaka ipewe kibali na serikali. Mtu aliyekulia hivyo anajifunza kusema kwa fumbo mapema sana, nadhani ndio maana hawapendi kujieleza.

Sikiliza na Amerika ya 2004. Kiitikio kinaimba kwa furaha kwamba sote tunaishi Amerika, na ukikisikia juu juu utasema wanaitangaza nchi. Halafu kuna mstari unasema Santa Claus anafika mpaka Afrika. Mi huo mstari ulinigonga kwa sababu Desemba moja hapa hapa Dodoma mjini nilimuona kijana amesimamishwa nje ya duka, jua linachoma, kavalishwa koti jekundu la baridi na ndevu za pamba, jasho linamtoka. Nikasema huu ndio wimbo wenyewe. Na karibu na mwisho wanatamka wazi kwa Kiingereza kwamba huu sio wimbo wa mapenzi, na kwamba hawaimbi kwa lugha yao ya mama. Hapo ndio wamekufungulia dirisha.

SautiYaManyoni
Mwalimu umeeleza vizuri, mi niongeze upande wa Ministry maana huo ndio ugonjwa wangu.

Ministry ilianza Chicago 1981 na mwenye bendi ni Al Jourgensen, mzaliwa wa Havana Cuba. Wao hawavai gwanda. Wao wanamchukua mkubwa mwenyewe, sauti yake halisi kutoka kwenye hotuba, wanaikata vipande kama unavyokata flati ba, halafu wanaiunga upya juu ya gitaa na mashine ya ngoma. Kwenye albamu ya Psalm 69 ya 1992 wamemchukua Bush baba, rais wa Marekani wa wakati ule, na maneno yake ya mpangilio mpya wa dunia, wameyarudia na kuyarudia mpaka yanatisha. Ni maneno yake mwenyewe, kwa sauti yake. Alipokuja Bush mtoto kwenye urais wakamtolea albamu 3, 2004, 2006 na 2007, ile ya 2004 karibu kila wimbo jina lake linaanza na herufi W kwa sababu ndio herufi ya jina la katikati aliyojulikana nayo. Na kwenye Rio Grande Blood ya 2006 wameunga vipande vya hotuba zake mpaka unamsikia anakiri kwa kinywa chake kwamba yeye ndiye hatari.

Kwa swali lako fundi hiyo njia ni salama zaidi kuliko ya Rammstein kwa sababu unasikia kabisa mahali palipokatwa. Unajua kuna mkono umeingia hapo, na huo mkono unakwambia usiamini. Kama weldi tu, mteja akiona mshono anajua hapa palikuwa na vyuma viwili.

Alafu usidhani Afrika hakuna, Nairobi walikuwepo Duma, vijana wawili, albamu yao ilitoka 2020, kelele yake hata Wazungu walikaa chini. Mmoja wao Lord Spikeheart akatoa ya kwake 2024 akamkumbuka Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, ambaye mwenyewe anamtaja kama mama wa bibi yake. Kwa hiyo hiyo sauti haina kabila.

Mzee_wa_Kongwa
Wanangu nimesoma yote. Nami ni mtu mzima, mziki huo siujui na nilivyofunguliwa na mjukuu kidogo niliona kichwa kinauma, lakini swali la fundi nalijua kuliko mnavyodhani.

Kwanza usimlaumu baba yako mdogo. Reli ya Mjerumani ilifika Dodoma 1910 na waliolaza mataruma ni babu zetu. Hamsa ishirini ni jambo lililohesabiwa kwa sauti kwenye migongo ya watu, moja, mbili, tatu, mpaka ishirini na tano. Mtu aliyefundisha hayo darasani miaka thelathini akisikia Mjerumani anahesabu kwa amri, mwili wake unajibu kabla ya akili. Mpe heshima yake hapo.

Sasa nikwambie la pili. Babu yangu mzaa baba alicheza beni. Mnaijua beni nyie? Ilianzia miji ya pwani, Lamu na Mombasa, kwenye miaka ya 1890, halafu wakati wa vita ya 1914 askari na wapagazi wakaitawanya bara mpaka huku kwetu. Ilikuwa ngoma ya kuiga jeshi la Mzungu. Wanavaa kaptula na kofia, wanapiga tarumbeta, wanapiga kwata kabisa, wana vyeo, huyu kingi, huyu jenerali, huyu daktari. Vyama vikubwa vilikuwa viwili, Marini na Arinoti, na ushindani wao ulikuwa si mchezo. Waingereza wakawa hawaelewi. Wengine wakasema hawa wanatupenda, wanatuiga. Wengine wakasema hapana, hawa wanatupangia kitu, wachunguzwe. Na babu alikuwa akiulizwa mlikuwa mnawacheka au mnawatamani anajibu tulikuwa tunacheza.

Nimelifikiria hilo jibu maisha yangu yote. Mi naona vyote viwili vilikuwemo. Mtu aliyepigwa na buti akilivaa hilo buti akacheza nalo mbele ya mwenye buti, kalichukua. Huwezi tena kulisikia kama zamani. Lakini pia kuna kijana pale uwanjani alikuwa anatamani buti tu. Kwa hiyo fundi swali lako lina miaka zaidi ya mia hapa hapa nchini, usidhani limetoka Ujerumani.

Na kama unatafuta habari ya mashine na siasa njoo Kongwa. 1947 Waingereza walikuja na mradi wa karanga, wanataka kulima ekari zaidi ya milioni 3 za Tanganyika wapate mafuta ya kula kwao. Wakaleta matingatinga, wakaleta na matrekta yaliyotengenezwa kutoka kwenye vifaru vya vita. Ardhi ya Kongwa ikishapigwa na jua inakuwa kama saruji, ikavunja majembe yao, mvua ikakataa, kufikia 1951 wamefuta. Mamilioni ya pauni yamezikwa. Baba alikuwa anasema usiku ulikuwa unasikia chuma kinalia porini. Huo sio wimbo?

FundiHolo
Shikamoo mzee. Nimesoma mara tatu. Hiyo ya beni nitampelekea baba mdogo, na ya chuma kulia porini naomba ruhusa yako nije niitumie siku moja.

Mzee_wa_Kongwa
Marahaba. Itumie, ni yenu.

DadaWaSingida
Mi nitakuwa tofauti kidogo, mnivumilie, nalisema kwa sababu mziki huu naupenda na nimeusikiliza tangu niko kidato cha tatu.

Mnajibu kama vile tatizo ni msikilizaji hajui Kijerumani. Sio hilo. Kuna KMFDM, Wajerumani nao, bendi ya 1984, nyimbo zao zinawasema wababe na vita kwa sauti ya wababe wenyewe. Mwaka 1999 kule Columbine Marekani wanafunzi wawili waliingia shuleni kwao wakaua watu, mmoja alikuwa shabiki wa KMFDM na mashairi yao ya Kiingereza alikuwa ameyabandika kwenye tovuti yake. Kiingereza alikijua vizuri, ni lugha yake. Bendi ikabidi itoke iseme sisi tunapinga vita, ukandamizaji na ufashisti. Wamesema ukweli, nawaamini. Lakini yule kijana alisikia nguvu tu, na nguvu ilikuwepo kwenye mdundo. Mdundo hauna kejeli jamani. Gitaa likishuka vile mwili unataka kutawala, hauulizi nani anasemwa.

Ndio maana mi naona wimbo bora wa kejeli ya siasa niliowahi kusikia sio wa metali, ni Ndio Mzee wa Profesa Jay, 2001. Na yeye kavaa gwanda la anayemsema, anaongea kama mgombea jukwaani mwanzo mpaka mwisho, hatoki hata mara moja kusema jamani natania. Kwa nini hakuna Mtanzania aliyedhani anamsifia mgombea? Kwa sababu ahadi zinapanda. Anaanza na za kawaida unaitika, anaongeza, unaitika, anaongeza mpaka inakuwa haiwezekani na watu bado wanaitika ndio mzee, na wewe mwenyewe nyumbani umeshaitika naye. Anayekamatwa pale ni anayeitikia, mgombea ni njia tu ya kukufikia. Wimbo wenye kiitikio cha namna hiyo ukikupitia mdomoni umeshakwisha.

Kwa hiyo fundi, ukitunga usitegemee mlio. Mlio ni mzuri, mi naupenda, ila utakusaliti. Weka kitu ndani ya maneno kinachopanda mpaka kikatike. Na useme ni jambo gani lililowapata, maana hujatuambia.

SautiYaManyoni
Dada hapo kwenye mdundo hauna kejeli nakataa. Ministry wakirudia neno moja la rais mara ishirini mdundo wenyewe ndio unaokejeli, unamfanya rais awe mashine. Ila la KMFDM sina jibu, umenipata.

BintiWaMvumi
Naomba niingize kidogo la kwetu Wagogo. Muheme ngoma wanapiga akina mama, wameibana katikati ya mapaja, na mkisikiliza vizuri wimbo unaweza kuwa unacheka na mtu anayesemwa amekaa pale pale anapiga makofi. Anajua ni yeye, watu wanajua ni yeye, jina halijatajwa. Ila inawezekana kwa sababu kijiji kizima kinajua kisa. Sasa fundi wewe wimbo ukiuweka kwenye simu ya mtu wa Tunduma hajui kisa, lazima kisa kiwe ndani. Ni hilo tu, na kama unahitaji mtu wa muheme mama yangu mkubwa yupo na bado mikono yake ina nguvu.

FundiHolo
Asanteni sana wote, Dada nimekuelewa na ni kweli niliruka jambo lenyewe.

Ni kiwanja. Toka serikali ilivyotangaza 2016 kuhamia huku mnajua viwanja vilivyokwenda, pori la jana leo ni mamilioni. Mama yangu 2019 aliuza ng'ombe wote aliobaki nao, akaongeza na pesa ya zabibu, akanunua kiwanja kwa dalali mmoja, milioni mbili na laki nane. Akapewa risiti ya mkono. Alivyoenda kuchimba msingi akakuta mtu kashaweka kokoto, na yeye ana risiti, mwandiko ule ule, tarehe imepishana wiki mbili. Baadae akatokea na wa tatu. Dalali simtaji hapa na wala sitaki kumtaja kwenye wimbo, nataka wimbo awe yeye anaongea, kwa raha zake, huku nyuma grainda inakata. Nimeandika hivi mpaka sasa:

*Karibu mteja, kiwanja kipo, hati iko njiani*
*Jana nimemuuzia mama, leo zamu yako jirani*
*Kesho namuuzia wa tatu, udongo haulalamiki*
*Pangeni foleni kwa utaratibu, mchanga haumaliziki*

Kiitikio watu wanaitikia "tumelipa, tumelipa" kama kwata. Na leo jioni nilienda kwa baba mdogo nikamsomea ya mzee wa Kongwa kuhusu beni. Alikaa kimya muda, akasema kumbe wewe unataka kuvaa buti la dalali. Nikasema ndio. Akasema basi hakikisha mama yako yupo kwenye huo wimbo, maana kwenye vitabu nilivyofundisha aliyechapwa alikuwa hana jina.

DadaWaSingida
Mstari wa tatu ni mkali, udongo haulalamiki, usiuguse. Wa nne unachekesha sana, dalali anakuwa mtu wa kupendeza na ndicho kile nilichokuwa naogopa, mtu ataondoka anauimba akiwa upande wake. Aidha uzidishe, auze na wa nne, wa tano, auze kaburi, auze na kivuli cha mbuyu, ama uukate. Kiitikio "tumelipa" kizuri kwa sababu anayeitika ndiye aliyeibiwa.

Na baba mdogo kakupa dawa. Zima kila kitu mwishoni. Grainda, gitaa, ngoma, vyote. Mama asome risiti. Asiimbe, asilie, asome tu ilivyoandikwa, tarehe, kiasi, namba ya kiwanja. Baada ya dakika tatu za chuma sauti ya mama mmoja anasoma karatasi itasikika mpaka kwenye mifupa.

Mwalimu_Bahi
Naunga mkono. Hilo ndio lile dirisha nililosema la Amerika, ila hili lina nguvu zaidi kwa sababu ni karatasi halisi. Namba ya kiwanja fikiria kidogo kabla hujaiweka hadharani kama kesi bado ipo, mwache asome tarehe na kiasi.

SautiYaManyoni
Kwenye kurekodi, grainda usiisogelee na simu, sauti itapasuka yote. Simu iweke mbali kama hatua kumi, nje ya kibanda, ukuta wa bati wenyewe utakupa ule mwangwi. Wale Einstürzende Neubauten wa Berlin walianza 1980 wanapiga mabati na drili za barabarani. Jaribu holo, lile bomba la chuma, ya inchi mbili ukiigonga ikiwa inaning'inia kwenye kamba, isiwe chini, ikiwa chini inakufa. Nondo ya milimita 16 nayo ina mlio wake. Rekodi kila chuma peke yake halafu nitumie, mi nitavipanga kwenye kompyuta, mshono wa dalali nitauacha uonekane.

BintiWaMvumi
Mama mkubwa kasema anakuja na muheme wake, mumtumie tu nauli ya daladala, ila asipigie ngoma karibu na cheche.

FundiHolo
Cheche hazitamfika, atakaa upande wa mlangoni. Mstari wa nne nimeufuta, namuuzia kivuli cha mbuyu. Jumapili saa tisa, baada ya misa, jirani zangu wa cherehani wanakuwa wamefunga. Mama nimemuuliza usiku huu. Kaitoa risiti kwenye kitambaa alichoifungia, kaisoma mara moja kwa sauti pale pale jikoni, akauliza na sahihi ya dalali nayo aisome au aiache. Nimemwambia aseme tu kwamba ipo.